Kinanda Kisichojua Kusubiri

Ndugu zangu, kabla hamjayasikia haya kutoka kwa mtu mwingine, bora niyaseme mwenyewe: mimi ndiye niliyekitoa kinanda cha kanisa kikawa kiota cha kuku. Sikulazimishwa. Sikuwa nimelewa pia, maana pombe hunipa usingizi tu, na usingizi ninao wa kutosha bila msaada. Nilikuwa na akili zangu zote, na cheti cha kidato cha nne nyumbani ukutani, nikasimama mbele ya baraza la wazee nikasema kile kinanda kimechoka, kitolewe. Wakakubali kwa sababu mimi ndiye mtaalamu. Nawaambia, ogopeni sana siku ambayo watu watakubali maneno yenu bila kuuliza swali.

Nimeombwa nitoe ushuhuda mbele yenu walimu wa kwaya, na wengine nawaona mmekuja na vinanda vyenu vya betri mmevipakata kama watoto wachanga. Msiwe na wasiwasi, sikuja kuwanyang'anya. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mtanicheka mkiwa njiani.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa huku huku, upande wa Kinampanda, na ni mtu wa nyumbani hasa. Mke wangu husema nikifika Kiomboi tu natembea nikigeuka nyuma kama mbuzi aliyeuzwa. Nalima alizeti na mtama kidogo, na tangu ujana nimekuwa mpiga kinanda wa usharika wetu. Nilifundishwa na mwinjilisti mmoja, sasa ni marehemu, aliyekuwa akinigonga vidole kwa kijiti kila nilipokosea. Nilikosea sana, kwa hiyo nilijifunza haraka.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga, kilichoachwa na wamisionari. Vijana hawakijui, wacha nieleze. Unakanyaga kwa miguu miwili, hewa inajaa kwenye mfuko wa ngozi ulio ndani, vidole vikibonyeza hewa inatoka ikiimba. Ukichoka wewe, nacho kinachoka. Ukipumzika, kinapumzika. Nilidhani huo ni udhaifu wake.

Wimbo wangu wa kwanza niliutunga nikiwa bado kijana. Ilikuwa msimu wa mavuno, na nyuma ya nyumba yetu wanawake walikuwa wanapura mtama. Mnajua wanavyopanga mistari miwili wakitazamana, magongo yanapanda na kushuka pamoja, na wimbo ndio unaoyaongoza. Gongo likishuka, sauti inashuka. Gongo likiinuliwa, kunakuwa kimya, halafu linashuka tena. Nikauchukua ule mwendo wao, nikauandika kwa nota za do-re-mi, nikaupangia sauti nne na maneno ya kanisani: "Tumepura, Bwana, makapi uyapepete." Basi. Haukuwa wimbo wa maajabu, lakini kanisa liliupenda. Kwetu enzi hizo kila mtu alikuwa na sauti yake, hata asiye mwanakwaya. Mabinti sauti ya kwanza, akina mama ya pili, wanaume huku ya tatu na besi, na bibi mmoja au wawili wakiimba besi kuliko waume zao. Ukiingia umechelewa unajua pa kukaa kwa kusikiliza tu.

Nguzo ya sauti ya pili alikuwa mama mmoja, mke wa mzee wa kanisa. Kwenye ule wimbo wa mavuno, tukifika pale pa kimya, yeye ndiye aliyeamua. Mimi kwenye nota nilikuwa nimeandika mapigo mawili. Yeye hakuwahi kuyaona hayo mapigo mawili, wala hakuyataka. Alishika kimya kile, kanisa zima likashika naye, mimi vidole viko hewani, mpaka yeye aone inatosha. Ndipo anaingia, na sote tunaingia nyuma yake. Miaka ile nilikuwa namlaumu moyoni. Nilisema huyu mama hajui kuhesabu.

Ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Mnaikumbuka. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu mpaka barazani: mitumba, redio kaseti, saa zinazoimba. Malori yakawa yanapita kununua kuku wetu kupeleka Dar es Salaam, na kurudi na vitu vya Dubai. Mwaka mmoja tukaenda na kwaya kwenye kongamano Singida mjini. Nilikwenda kwa kusukumwa, na heri nisingekwenda. Kwaya moja ya pale mjini ikasimama na kinanda cha umeme. Kijana akabonyeza kidole kimoja tu, kimoja, zikatoka ngoma, gitaa, tarumbeta, na kitu kama watu wanapiga makofi. Kanisa likainuka. Mimi peke yangu nilibaki nimekaa.

Niliporudi nyumbani sikulala vizuri wala sikula vizuri, na mke wangu anajua mimi kutokula ni jambo la kuitisha ukoo. Nikaanza kampeni. Nilizunguka kwa kila mzee wa baraza. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiki tulicho nacho kina kosa gani?"

Nikamjibu, "Mzee, hiki ni cha kizamani."

Akasema, "Hata mimi."

Nilicheka, nikaendelea na kampeni. Watu wakatoa kuku, wakatoa alizeti, kinanda kikanunuliwa na vipaza sauti vyake viwili. Kile cha kukanyaga kikasogezwa nyuma ya mlango, wakati wa mvua kikawa kinazuia mlango usifunguke. Nikaona kinachukua nafasi. Jirani yangu, mama mfanyabiashara wa kuku, Mwislamu, mtu wa maneno machache na yote yana miiba, akaniambia, "Kama hamkitaki, kuku wangu wanakitaka." Nikakisukuma kwa mkokoteni mwenyewe. Akatoa ubao wa mbele, akaweka majani makavu ndani, na jioni ile ile kuku walikuwa wameshahamia.

Sasa nikawa mtu mkubwa. Kwetu umeme hakuna, kwa hiyo kinanda kilitumia betri ya gari, na betri inachajiwa kwenye mashine ya kusaga. Kila Jumamosi nilikuwa naifunga kwenye baiskeli, napita katikati ya kijiji taratibu ili watu waione. Jumapili vipaza sauti vilisikika mpaka mto wa pili. Jirani yangu alinilalamikia kwamba kuku wake wamepunguza kutaga. Nikamwambia hao kuku hawajasoma.

Na utunzi wangu nao ukabadilika. Zamani nilianza na maneno, nikayatembeza mdomoni shambani mpaka yapate mwendo wao. Sasa nilianza na kitufe. Nabonyeza, nasikiliza, nauliza hiki kinaitwaje, nikiambiwa ni rege, basi wimbo wa Kwaresima unakuwa rege. Vijana walifurahi, na mimi nawapenda vijana, siwezi kudanganya. Lakini akina mama wa sauti ya pili walianza kukaa wamekunja mikono. Nikamwambia mke wangu, "Unaona wanavyonisikiliza?"

Akasema, "Baba watoto, wale hawakusikilizi. Wanakuvumilia."

Nikadhani ananionea wivu.

Ndipo yule mama, nguzo ya sauti ya pili, akafariki. Aliugua muda mfupi tu. Mumewe, yule mzee wa kanisa, akaomba jambo moja: kaburini tumwimbie mke wake wimbo wa mavuno. Nikasema mzee, umepata. Nikabeba betri, kinanda na vipaza sauti vyote mpaka makaburini. Nilitaka nimpe heshima kubwa, Mungu anajua.

Nikatega mdundo ulio polepole kuliko yote, nikaanza. Mstari wa kwanza ukaenda. Tukafika pale pa kimya. Akina mama wakashika pumzi kama walivyozoea, wakamngoja aingie, na yeye alikuwa pale chini mbele yao. Hawakuwa na wa kuwaingiza. Na mashine haikuwangoja. Ilishapita, iko mstari wa pili, ngoma zinakwenda. Wakajaribu kuifukuza, wengine wakaingia hapa, wengine kule. Mimi nikataka kuipunguza mwendo, nikagusa kitufe kisicho chake, na pale, ndugu zangu, juu ya jeneza la yule mama, ikapiga mdundo wa dansi, chacha.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama angecheka hata mtoto mmoja. Mzee yule alisogea mpaka mbele yangu, hakupandisha sauti. Akasema, "Zima, mwanangu. Mke wangu hakuwa na haraka."

Nikazima. Tukajaribu kuendelea kwa mdomo, ikashindikana. Akina mama waliokuwa wanaijua ile sauti walikuwa wanalia, na mabinti hawakuifahamu, kwa sababu miaka yote hiyo mimi nilikuwa nawafundisha kufuata mashine. Wimbo niliotunga mwenyewe, kanisani kwangu mwenyewe, ulikufia mdomoni. Tukamzika kimya. Sikusikia kitu ila koleo na udongo.

Baraza likanipumzisha. Walitumia neno hilo, kupumzika, na walilisema kwa upole, ndiyo maana liliuma. Kinanda cha umeme wakapewa vijana. Mimi nikabaki nyumbani. Nimewaambia mimi ni mtu wa nyumbani, kukaa nyumbani ni kipaji changu, lakini safari ile kipaji kiligeuka ugonjwa. Jumapili nilikuwa na homa. Jumapili iliyofuata nina mgongo. Mke wangu akawa ananiuliza Jumamosi jioni, "Kesho unaumwa nini, ili nijue cha kuwaambia?" Nilijaribu kutunga, haikuja hata sentensi moja. Nikienda shambani kichwani zinapiga ngoma za mashine tu, zile zile, hazisimami. Nikajisemea utunzi umeisha, na mpiga kinanda naye ameisha. Nikaanza kuzoea. Na hapo ndipo pabaya, kuzoea.

Karibu na mavuno yaliyofuata, yule mzee akaja kwangu. Nilimwona mbali, nikatamani kuingia chini ya kitanda, lakini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na hakusogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaumwa bado?"

"Naendelea vizuri."

"Vizuri. Siku ya sikukuu ya mavuno tutaweka msalaba kwenye kaburi la mama. Nataka ule wimbo wake."

Nikasema, "Mzee, sina kinanda."

"Sikuja kwa habari ya kinanda."

"Hata sauti ya pili hakuna. Watu wameisahau."

Akasema, "Mtama wangu uko uwanjani haujapurwa. Mwaka jana alikuwepo yeye. Njoo kesho unisaidie." Akaaga, akaondoka.

Nilikwenda kwa aibu, si kwa moyo. Uwanjani nikakuta akina mama wa sauti ya pili wote, wamekuja kumpuria mzee aliyefiwa na mwenzao. Waliponiona na gongo mkononi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwalimu, umeleta na betri?" Mwingine akasema, "Mwekeni mwisho, asije akatupigia chacha kwenye miguu." Nikajua sasa nimesamehewa, maana watu wa kwetu hawamtanii wanayemchukia.

Wakaanza. Gongo chini, gongo juu. Mikono yangu ilikuwa imelainika kwa miaka ya kubonyeza vitufe, dakika chache tu malengelenge yakatoka. Kila tulipofika pale pa kuinua, mimi niko tayari kushusha, wao bado wanashikilia. Nikashusha peke yangu, puu. Wakacheka. Mara ya pili, puu. Nikakasirika, nikauliza, "Kwani mnangoja nini?"

Mama aliyekuwa mbele yangu akaelekeza kwa kidevu upande wa pili wa mstari. Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana, dada wa marehemu, ambaye sikuwa nimemtazama hata kidogo. Alikuwa na gongo dogo. Alishusha pamoja na wote, lakini kuinua kulimgharimu. Alikusanya pumzi, mikono ikapanda kidogo kidogo, ikafika. Ilipofika, ndipo wote wakaingia.

Yule mama akaniambia, "Tunamngoja bibi. Ulifikiri nini?"

Ndugu zangu, nilikaa chini pale pale kwenye mtama. Nilikiandika kimya kile kwa mkono wangu nikiwa kijana, mapigo mawili, nikadhani ni pambo. Nilimlaumu marehemu kwamba hajui kuhesabu. Kumbe siku zote, kanisani, alikuwa anatazama kwenye viti ni nani aliyechelewa kupata pumzi, mgonjwa, mzee, mjane aliyelia njia nzima, na alikuwa hatuingizi mpaka huyo awe tayari. Mimi nikaenda nikachangisha kuku na alizeti za watu nikanunua kitu ambacho hakiwezi kumngoja mtu.

Mzee akaja akasimama karibu yangu. Akasema tu, "Inuka, mtama hautajipura."

Nikainuka. Siku ile nilirudi nyumbani viganja vimechubuka, nikaimba njiani, na zile ngoma za kichwani zilikuwa zimenyamaza.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ni miguu tu. Mimi mtu wa nyumbani nikaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Nilikaa jikoni kwa akina mama wakichambua mlenda, nikajifunza upya sauti ya pili kama wao wanavyoiimba, si kama nilivyoiandika. Halafu wao wenyewe wakawafundisha mabinti. Mimi nilikuwa nabeba maji.

Nikaenda kwa jirani kuomba kinanda. Akaniambia, "Kuku wangu ameatamia humo. Akiangua utachukua." Nikasema mavuno yako karibu. Akasema, "Mwambie kuku." Nikangoja. Kila asubuhi nilichungulia ukutani kuuliza habari za kuku, mpaka kijiji kikasema mwalimu anataka kumposa yule mama. Vifaranga vilipotoka, nilikirudisha kinanda kwa mkokoteni ule ule, nikaosha, nikakwangua, nikasafisha kila kilimi cha shaba kinachotoa sauti kwa unyoya, na unyoya ulikuwepo mwingi. Mfuko wa hewa ulikuwa umetoboka, fundi baiskeli akauziba kwa viraka vya tyubu. Nota mbili za katikati hazijafufuka mpaka leo. Nimehamisha wimbo ufunguo mwingine, ninazikwepa, na wageni hudhani ni ustadi.

Wale vijana waliopewa mashine waliunda kwaya yao, wakarekodi kaseti, na mara moja nikiwa Mkiwa nangojea basi niliisikia inapigwa kwenye mgahawa. Nilijivuna, nikamwambia muuza chai wale ni wanafunzi wangu, hakuamini. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Mashine haikuwa na dhambi. Haikunidanganya hata siku moja, ilifanya kila nilichoibonyeza. Aliyeacha kuwatazama watu ni mimi.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Magunia ya mtama na alizeti mbele ya altare, kuku wamefungwa miguu chini ya viti wakisalimiana. Nikaketi, nikakanyaga. Tukaanza. Tulipofika pale pa kimya niliinua vidole, nikageuza shingo, nikamtafuta yule bibi mzee. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amefumba macho, kifua kinapanda. Kanisa zima lilishika naye. Nawaambieni, nilisikia kuku, nikasikia upepo kwenye bati, na sikuwa na hofu. Sijui tulikaa muda gani. Kisha binti mmoja wa sauti ya pili, mwembamba, ambaye wiki chache kabla alikuwa hajui hata nota moja yake, akamtazama bibi, akaona, akaingia. Na sote tukaingia nyuma yake. Besi ya yule mzee nilikuwa sijaisikia tangu msiba. Niliisikia.

Tuliimba tena kaburini, bila kinanda, msalaba ukasimamishwa.

Sasa naelekea kuketi. Nawashukuru wazee wa baraza waliojua kunipumzisha na wakajua kuniita tena. Namshukuru yule mzee, maana angeweza kunichukia kwa haki, akachagua kunipa gongo. Nawashukuru akina mama wa sauti ya pili kwa kunicheka. Fundi baiskeli, Mungu amzidishie viraka. Mke wangu simshukuru hapa, atajisikia, nimeshamshukuru nyumbani. Nimerudi kutunga, na kati ya nyimbo mtakazofundishwa mchana huu, tatu ni zangu, zote zina mahali pa kushika pumzi. Mtaona nimeandika hapo alama ya kituo bila idadi ya mapigo. Msije kuniuliza ni mapigo mangapi. Tazameni viti vyenu. Huko kwenu yupo mmoja anayechelewa kupata pumzi, mnamjua. Yeye ndiye atakayewaambia.

Na siku ile ya msalaba jirani yangu alikuja pia, alimpenda marehemu, akakaa nje ya dirisha la kanisa kwenye kigoda chake ibada nzima. Watu walipokuwa wanatawanyika nikamwendea. Nakiri nilikwenda kutafuta sifa kidogo, mtu hatubu kila kitu siku moja. Nikamuuliza, "Jirani, umeonaje?"

Akakunja khanga yake, akabeba kigoda, akasema: "Leo sikukusikia hata kidogo. Endelea hivyo hivyo."